Kumrejesha Mbwa Mwitu: Yanayosemwa Arusha na Yaliyo Kweli

Dhana: Wafugaji ndio waliommaliza mbwa mwitu, hivyo hawafai kuwa washirika wa kumrejesha.

Ukweli: Maneno haya nimeyasikia Arusha mara nyingi, hata kwa watu wenye elimu ya kutosha. Mbwa mwitu walitoweka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti mwanzoni mwa miaka ya 1990, yaani mahali ambapo hapakuwa na boma wala zizi. Mwaka 2012, TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori yenye makao makuu hapa hapa Arusha, ilipoanza kuwarejesha magharibi mwa Serengeti, makundi hayo hayakuagizwa ng'ambo, bali yalichukuliwa Loliondo, katika ardhi ya vijiji ambako Wamasai walikuwa wakichunga mifugo yao kila siku. Sisemi kwamba wafugaji ni malaika. Mtu aliyepoteza mbuzi hana sababu ya kumpenda mbwa mwitu, na migogoro ya namna hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za kuwahamisha wanyama hao.

Dhana: Wenyeji wana hadithi za wazee tu, utaalamu uko kwa watafiti.

Ukweli: Mzee mmoja niliyekaa naye mnadani Ngaramtoni alinieleza, huku akichora vumbini kwa fimbo yake, kwamba fisi huja usiku na kuvunja zizi, lakini mbwa mwitu huwavamia mbuzi mchana, malishoni, hasa mchungaji anapokuwa layoni (mvulana wa Kimasai ambaye bado hajatahiriwa) mdogo asiye na mwenzake. Maelezo hayo yanawiana na tabia ya mnyama mwenyewe, ambaye huwinda kukiwa na mwanga, zaidi asubuhi na jioni. Anayepanga kuzuia hasara kwa kuimarisha mazizi peke yake, bila kumuuliza mzee kama huyu, atatumia fedha nyingi na mbuzi wataendelea kuliwa.

Dhana: Kushirikisha wenyeji ni kuwaita mkutanoni, kuwapa soda na kuwasainisha mahudhurio.

Ukweli: Huko California, nchini Marekani, ni wazee wa kabila la Yurok waliochagua mwaka 2003 kwamba tai mkubwa mla mizoga aitwaye kondori arudishwe katika nchi yao, na ndege wa kwanza waliachiwa mwaka 2022 katika mpango unaoongozwa na kabila lenyewe. Kwa kuwa kondori hufa kwa kula mizoga yenye vipande vya risasi (na hapa Kiswahili kimetusaidia, maana madini yenye sumu yanayotengenezea risasi nayo huitwa risasi), Wayurok walikwenda kwa wawindaji wenzao kuwashawishi watumie risasi za madini mengine, kazi ambayo mgeni mwenye sare asingeiweza kwa urahisi. Jirani zetu wa Samburu, nchini Kenya, walipokea faru weusi 10 katika eneo la jamii la Sera mwaka 2015, na ulinzi wake uko mikononi mwa jamii.

Dhana: Fensi inatosha.

Ukweli: Kwa faru, fensi husaidia, kama inavyoonekana Mkomazi, ambako faru weusi waliletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1997. Kwa mbwa mwitu, hapana. Kundi moja huzunguka mamia ya kilometa za mraba. Asubuhi linaweza kuwa hifadhini na jioni likawa katika malisho ya kijiji, ambako wa kwanza kuliona atakuwa yule layoni na mbuzi wake.