Jaza Pengo Kabla ya Kutazama Majibu: Sehemu ya Lugha na Insha katika Mtihani wa GRE

Wengi ninaowasaidia kujiandaa na GRE, mtihani wa Kiingereza unaotumika kuomba masomo ya uzamili na uzamivu, huja na daftari lililojaa maneno magumu ya Kiingereza, mengine mia tano, mengine elfu moja, kila neno na maana yake pembeni. Wamekesha nalo miezi. Nikiwapa sentensi moja yenye pengo, hata hawajafika kwenye nukta, macho yameshashuka kwenye majibu. Alama nyingi hupotelea hapo, wala si kwa uhaba wa msamiati. Katika sehemu ya lugha na katika insha vilevile, kazi kubwa hufanyika kabla hujagusa jibu.

Kwanza ujue unachokwenda kukikuta, maana vitabu vingi vinavyoazimwa na kupeana mikononi ni vya toleo la zamani. Tangu Septemba 2023, ETS, taasisi ya Marekani inayotunga mtihani huu, imeufupisha hadi saa 1 na dakika 58. Insha ndiyo inayofungua mtihani, nayo sasa ni moja tu, ya dakika 30. Ile ya pili, ya kuchambua hoja iliyoandikwa na mtu mwingine, imeondolewa. Sehemu ya lugha ina vipande viwili: cha kwanza maswali 12 kwa dakika 18, cha pili maswali 15 kwa dakika 23, na ugumu wa hicho cha pili hutegemea ulivyofanya kile cha kwanza. Alama za lugha huanzia 130 hadi 170, na za insha 0 hadi 6 kwa hatua za nusu. Kwa anayejiandaa na GMAT, mtihani wa kuomba shule za biashara, toleo la sasa halina insha wala maswali ya kusahihisha sentensi. Limebaki na usomaji wa ufahamu na uchambuzi wa hoja, maswali 23 kwa dakika 45, hivyo nitakayoyasema kuhusu kusoma yanamhusu pia.

Turudi kwenye pengo. Nimetunga mfano kwa Kiswahili ili ugumu wa Kiingereza usituzibe macho:

"Ingawa wenzake walimsifu kwa ______ wa kufikia uamuzi, daftari zake zinaonyesha kwamba kila jibu alilolitoa papo hapo alikuwa amelipima kwa miezi."

Majibu ni matano: umakini, wepesi, ujasiri, ukarimu, uvumilivu.

Aliyekimbilia majibu huchagua "umakini". Sentensi nzima inanukia umakini: kuna daftari, kuna kupima, kuna sifa. Lakini neno la kwanza kabisa ni "ingawa", nalo linatuambia kwamba sifa aliyopewa inakwenda kinyume na daftari zinavyoonyesha. Daftari zinaonyesha alikawia. Kwa hiyo alisifiwa kwa kutokawia. Ziba majibu kwa kiganja, andika kwenye karatasi neno lako mwenyewe, "haraka", kisha ndipo utazame. "Wepesi" unajitokeza wenyewe. Na "ujasiri" je? Unaingia vizuri mdomoni, lakini hakuna kitu ndani ya sentensi kinachozungumzia woga au hatari. Jibu lisilo na shahidi ndani ya sentensi liache, hata likipendeza namna gani.

Mashahidi wenyewe ni wachache na hujirudia: viunganishi vya kugeuza kama "ingawa" na "hata hivyo", vya kuendeleza kama "kwa hiyo" na "tena", na alama ya nukta mbili, ambayo karibu kila mara hutangaza kwamba linalofuata linaeleza lililotangulia. Sentensi ikiwa na mapengo mawili au matatu, usijilazimishe kuanza na la kwanza. Anza na lile lenye shahidi mwenye nguvu, kisha mengine yafuate. Kumbuka hapo hakuna alama za nusu: ukikosa pengo moja, swali zima limekwenda. Katika aina nyingine ya swali hupewa maneno sita, uchague mawili ambayo kila moja likijaza pengo, sentensi mbili zinazopatikana zinabeba maana ileile. Mtego wake ni maneno mawili yanayofanana sana lakini hayaendani na sentensi. Yameshikana mikono, na mtahiniwa mwenye haraka huyachukua kwa sababu tu yameshikana.

Je, daftari la maneno litupwe? Hapana. Ila neno lijifunzwe ndani ya sentensi lilimotumika, na nguvu nyingi zielekezwe kwenye maneno unayodhani unayajua. Lile neno la Kiingereza tulilofundishwa kuwa ni "bendera" (flag) hutumika pia kwa maana ya kulegea au kuishiwa nguvu. Lile la "kufuzu" (qualify) hutumika kwa kuiwekea kauli mipaka. Lile la "kukamata" (arrest) hutumika kwa kusimamisha kitu kisiendelee. Aliyejifunza Kiingereza darasani huteleza hapa zaidi kuliko kwenye neno geni, kwa sababu neno geni humfanya asimame afikiri, na hili halimsimamishi.

Kwenye vifungu vya ufahamu, jiulize swali moja kila aya: nani anasema hili? Vifungu vingi hujengwa hivi: wataalamu wa awali waliamini jambo fulani, ushahidi mpya ukaja, na mwandishi akasimama mahali fulani katikati. Anayechanganya sauti ya mwandishi na sauti ya wale anaowapinga hukosa maswali matatu kwa mpigo. Jibu sahihi ni lile ambalo kifungu kinalibeba, na kweli inayojulikana duniani lakini haimo kwenye kifungu si jibu. Kwa sababu hii nimeona wanabiolojia wakianguka kwenye vifungu vya biolojia: wanajibu kutoka kichwani. Majibu yenye "daima", "pekee" na "kamwe" yatazame kwa jicho kali, maana wasomi huandika kwa tahadhari. Na usiache swali lolote wazi. Jibu lisilo sahihi halikupunguzii kitu, na unaweza kuweka alama kwenye swali na kulirudia maadamu hujatoka kwenye kipande hicho.

Sasa insha, ambayo ndiyo inayowatia watu hofu kuliko inavyostahili. Mada hueleza msimamo fulani, kisha chini yake kuna maelekezo, na maelekezo hayo hubadilika. Mara unaambiwa ueleze ni kwa kiasi gani unakubali, mara ushughulikie hoja nzito zaidi zinazoweza kukupinga, mara utaje mazingira ambamo pendekezo lingefaa na ambamo lisingefaa. Insha nzuri iliyojibu maelekezo mengine hupoteza alama. Yasome mara mbili.

Chukua mada hii niliyoitunga: serikali zigharimie tu utafiti wenye manufaa yanayoonekana mapema. Wengi huanza kuandika papo hapo, wakafika aya ya tatu ndipo wakagundua wanachoamini. Tumia dakika tano bila kugusa kibodi. Andika mfano unaokubeba: mwaka 1895 Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei akichunguza mirija ya umeme, hakuwa akitafuta njia ya kuona mfupa uliovunjika. Halafu tafuta mfano unaokuumiza: kampeni dhidi ya ndui ilikuwa na lengo moja lililo wazi, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza ugonjwa huo umetokomezwa. Usiufiche mfano wa pili. Uulize unakufundisha nini. Unakufundisha kwamba utafiti wenye lengo hufaulu pale ambapo maarifa ya msingi tayari yapo, kwa kuwa chanjo ya ndui ilikuwapo tangu 1796, kabla ya kampeni yenyewe kwa zaidi ya karne moja na nusu. Msimamo wako sasa umekomaa: lengo la karibu ni zuri, lakini linavuna shamba ambalo mtu mwingine alilima bila kujua zao. Hiyo ndiyo tofauti kati ya insha inayosema "nakubali kwa sababu tatu" na insha inayofikiri.

Anayesahihisha ni mtu, sambamba na programu ya kompyuta, na wakitofautiana huitwa msahihishaji mwingine. Makosa madogo ya lugha hayakuangushi, kwa kuwa wanajua unaandika rasimu ya haraka. Aya isiyo na mfano ndiyo inayokuangusha, na sentensi ndefu iliyopambwa kwa maneno ya daftari ambayo hata mwandishi wake hakuyaelewa vizuri.

Kisanduku utakachoandikia hakina kisahihishi cha tahajia wala cha sarufi. Kwa hiyo zima visahihishi hivyo nyumbani tangu siku ya kwanza ya mazoezi. ETS huweka wazi orodha nzima ya mada za insha kwenye tovuti yake. Fungua orodha hiyo kila jioni, chukua mada mbili bila kuchagua, na kwa kila moja andika mpango wa dakika tano tu: msimamo, mfano unaokubeba, mfano unaokuumiza, na jibu lako kwa huo wa pili. Insha kamili ya dakika 30 andika mara moja kwa wiki, uiache ilale, kisha isome kesho yake kwa sauti na upige mstari chini ya kila aya isiyo na mfano.