Uvimbe wa Ubongo kwa Vijana: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Si saratani, basi hauna hatari." Fuvu la kichwa halitanuki. Uvimbe unaokua taratibu, hata ule usiosambaa popote, unaweza kubana sehemu za ubongo zilizo jirani au kuziba njia ya maji ya ubongo, na shinikizo likipanda kijana huamka akiumwa kichwa, hutapika, huona kitu kimoja kama viwili au huyumba anapotembea. Uvimbe uitwao kraniofaringioma si saratani, lakini kwa kuwa huota karibu na tezi ya pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo inayoongoza homoni za mwili, unaweza kuchelewesha balehe, kudumaza kimo na kuleta kiu isiyokatika.

"Ni balehe tu, itapita." Mara nyingi huwa hivyo, na maumivu mengi ya kichwa ya vijana hayatokani na uvimbe. Hata hivyo, dalili zinapodumu au kuandamana, yafaa daktari amchunguze kijana na kuamua kama anahitaji kipimo cha MRI, yaani cha kupiga picha ya ndani ya ubongo.

"Simu ndiyo iliyomletea." Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliyaweka mawimbi ya redio, yakiwemo yale ya simu, katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kundi linalotumika pale ushahidi unapokuwa haba, na tafiti zilizofuata hazikuthibitisha uhusiano huo. Kwa vijana walio wengi chanzo hakijulikani, na mzazi hana sababu ya kujilaumu.

"Matibabu yamekwisha, sasa anadeka." Dhana hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu humwangukia kijana wakati ambapo kila mtu amekwisha kumpongeza. Nywele zimeota, kovu limefunikwa, naye amerudi darasani. Lakini uvimbe wenyewe, upasuaji na hasa tiba ya mionzi vinaweza kupunguza kasi ya kufikiri na uwezo wa kushika jambo akilini kwa muda mfupi, na pengine athari hizo hujitokeza miaka kadhaa baadaye. Anaponakili maandishi ya ubaoni yuko mstari wa tatu, ilhali wenzake wamemaliza na mwalimu ameshika kifutio. Somo analielewa, ila ubongo unalifanyia kazi polepole. Uchovu wake nao hauondoki kwa usingizi wa usiku mmoja. Kumwongezea muda wa mtihani, kumpa maelezo yaliyokwisha kuandikwa na kumruhusu apumzike mchana si upendeleo.

"Afichwe, asije akavunjika moyo." Kijana huiona sura yake ikivimba kwa dawa ya deksamethasoni, anayopewa ili kutuliza kufura kwa ubongo, na husikia sauti zikishuka anapoingia sebuleni. Akinyimwa maelezo, hujitungia yaliyo mabaya zaidi. Aelezwe kwa lugha anayoimudu, na katika kila kliniki apewe dakika chache za kuwa peke yake na daktari, kwani yako maswali, kama vile kuhusu uzazi, ambayo hatayauliza mama yake akiwa ameketi kando.