Vidonda vya tumbo: kipi hasa ni kidonda?

Kwenye shughuli yoyote, iwe harusi au msiba, mgawa chakula akipita lazima atokee mtu wa kumwambia: "Mimi maharage usiniwekee, nina vidonda." Hakuna anayemuuliza vidonda hivyo nani aliviona. Neno lenyewe limeshageuka kapu: kiungulia humo, gesi humo, tumbo kujaa humo, hata maumivu ya nyongo humo humo. Wengi wanaosema wana vidonda hawana hata kimoja, na baadhi ya walio navyo hawajui.

Kidonda cha tumbo ni kidonda kweli, sawa na kile cha mguuni. Tumbo linatengeneza asidi kali ya kusaga chakula na kuua vijidudu, na ukuta wake kwa ndani umepakwa ute unaoukinga usiunguzwe na asidi hiyo. Ute ukidhoofika, asidi inaufikia ukuta, inaula, na panabaki shimo. Mchubuko wa juu juu au wekundu wa kuvimba ni kitu kingine, ingawa maumivu yanafanana. Na si lazima kidonda kiwe tumboni penyewe. Mara nyingi huwa mwanzoni mwa utumbo mwembamba, pale chakula kinapotokea tu tumboni.

Maumivu yake hukaa kwenye chembe cha moyo, kati ya kitovu na kifua, yakichoma au kama kitu kinatafuna. Kidonda cha utumbo mara nyingi hutulia mtu akila, kisha kinarudi saa mbili tatu baadaye au kumwamsha usiku wa manane. Cha tumbo lenyewe huweza kuuma zaidi baada ya kula. Msitegemee sana kanuni hiyo, maana wapo, hasa wazee, ambao hawasikii chochote mpaka siku damu inapotoka. Jibu la uhakika hutoka kwenye kipimo cha kamera: mpira mwembamba unapitishwa kooni, daktari anatazama kwenye skrini. Ni dakika chache zisizopendeza, lakini baada ya hapo hakuna kubahatisha.

Kwa miaka mingi madaktari wenyewe waliamini vidonda vinaletwa na mawazo, pilipili na asidi kuzidi. Kule Perth, Australia, daktari wa maabara, Robin Warren, aligundua bakteria waliojipinda kwenye vipande vidogo vya ukuta wa tumbo vilivyotolewa kwa wagonjwa. Daktari kijana, Barry Marshall, akaungana naye. Walijaribu kuwaotesha bakteria hao maabara wakashindwa mara nyingi, hadi sikukuu ya Pasaka ya 1982, sahani za kuoteshea zilipoachwa siku kadhaa zaidi ya kawaida, ndipo wakaota. Wenzao hawakusadiki. Basi mwaka 1984 Marshall akakoroga bakteria hao kwenye kimiminika akanywa. Baada ya siku chache akawa anatapika na mdomo unanuka, na kamera ikaonyesha tumbo lililokuwa zima sasa limevimba. Kidonda hakupata, hilo husahaulika kila hadithi hii inaposimuliwa, lakini njia ilishaonekana. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Bakteria huyo ni Helikobakta pailori, ambaye vipimo humwandika H. pylori. Anaishi chini ya ute, anajitengenezea amonia ya kupunguza makali ya asidi inayomzunguka. Wengi humpata utotoni, humo humo nyumbani, na wengi wanaishi naye maisha yote bila kidonda. Kwa hiyo kukutwa na H. pylori si sawa na kuambiwa una vidonda.

Chanzo cha pili, dawa za maumivu, ndicho ninachokilalamikia zaidi, kwa sababu tunakinunua wenyewe. Siku moja nimesimama kwenye foleni duka la dawa, mbele yangu mama mmoja anaagiza diklofenaki za mgongo, na "zile nyeupe za kutafuna, za vidonda." Muuzaji, kijana, akamuuliza: "Mama, hizi za mgongo unazitumia tangu lini?" "Tangu mavuno, mwanangu." Ilikuwa karibu na Krismasi. Diklofenaki, asprini na ibuprofeni hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, na kemikali hiyo hiyo ndiyo inayoliambia tumbo litengeneze ute. Kuchoma sindano badala ya kumeza hakusaidii, kwani dawa inafika kupitia damu. Anayetumia asprini ya moyo kwa maagizo asiiache ghafla. Arudi kwa daktari wake.

Na maharage? Yanaleta gesi, hayachimbi shimo. Pilipili inawasha penye kidonda, haikianzishi. Mawazo yanaongeza maumivu, sigara inachelewesha kupona. Maziwa yanapoza kwa muda, kisha tumbo linamwaga asidi zaidi ya kuyasaga.

Tiba inategemea chanzo. Dawa za kupunguza asidi, kama omeprazo, hupewa kwa wiki 4 hadi 8, na zinafanya kazi vizuri zikimezwa nusu saa kabla ya chakula. Zile za kutafuna zinapoza tu. Akikutwa H. pylori, zinaongezwa antibayotiki mbili au zaidi, asubuhi na jioni, kwa kawaida siku 14. Hapa ndipo watu wanapoangukia: siku ya nne au ya tano mdomo una ladha ya chuma, tumbo limetulia, paketi inawekwa kabatini. Bakteria waliobaki wanajifunza kuizoea dawa, na dozi inayofuata inakuwa ngumu zaidi. Kama ndani yake kuna metronidazo, pombe ikae mbali.

Kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, choo cheusi chenye kunata kama lami, au maumivu makali ya ghafla yanayofanya tumbo liwe gumu kama ubao, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kiwe cheusi, mwambie daktari kama unavitumia. Kupungua uzito bila sababu au chakula kukwama kunataka kamera mapema, kwa kuwa saratani ya tumbo huweza kuanza kwa kujifanya vidonda.

Baada ya dozi, kipimo cha kuhakikisha bakteria wameisha ni cha choo au cha pumzi, angalau wiki 4 baada ya antibayotiki, na omeprazo iwe imeachwa wiki 2. Kile cha kuchoma kidole hakifai kwa kazi hii: kinatafuta kinga iliyobaki kwenye damu, nayo huweza kubaki miaka. Nawajua watu waliomaliza dozi tatu kwa sababu ya kile kimstari cha pili kwenye kipimo hicho.