Si kila kiwanja kilicho penye kona ni kiwanja cha kona

Kiwanja cha kona ni kiwanja kinachopakana na barabara mbili zinazokutana: moja inapita mbele yake, nyingine ubavuni. Maana yake ni hiyo tu. Lakini madalali wa Dar es Salaam wameinyoosha mpaka imechoka. Uchochoro ukipinda kidogo mbele ya kiwanja, "bosi, hiki ni kona." Kikiwa na njia mbele na nyuma, zisizokutana popote, nacho "kona." Na bei inapanda hapo hapo.

Kinachoamua ni mchoro wa mipango miji, wala si macho. Barabara zote mbili ziwe zimechorwa na kutengwa kwa matumizi ya umma. Maeneo yaliyojengwa kabla ya kupimwa, ile "barabara" ya ubavuni mara nyingi ni eneo la jirani aliyeacha upenyo ili watu wapite. Siku akigawa urithi au akiamua kujenga fremu, upenyo unazibwa, na wewe uliyelipia kona unabaki na ukuta wa mtu.

Kona iliyopimwa utaitambua hata kwenye bikoni, zile alama za mpaka zinazowekwa kwenye pembe za kiwanja. Kiwanja cha kawaida cha pembe nne kina bikoni nne. Cha kona mara nyingi kina tano, kwa sababu ile ncha ya kwenye makutano hukatwa mshazari ili dereva anayetoka barabara moja amwone anayekuja kwa nyingine. Watu wengi huja kuligundua hili fundi akishaanza kuchimba msingi wa ukuta, halafu wanalalamika wameibiwa ardhi. Hawajaibiwa, kiwanja ndivyo kilivyopimwa.

Faida zake zinajulikana: geti mbili, mpangaji kuwa na mlango wake, upepo na mwanga pande mbili, na biashara. Pita Sinza, iliyopimwa miaka ya 1970, uone ni nyumba ngapi za kona zimegeuka duka, baa au famasi.

Hasara ndizo dalali hazitaji. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30, chenye mzunguko wa mita 100. Kikiwa katikati ya safu, mita 20 tu ndizo zinazotazama barabara. 80 unapakana na majirani, na mkielewana mnachangia ukuta. Kikiwa cha kona, mita 50 ni zako peke yako, kabla ncha haijakatwa. Ukija kwenye kibali cha ujenzi, nafasi ya kuacha kutoka barabarani inahesabiwa pande mbili, hivyo nyumba uliyoiona kwenye simu huenda isienee. Ongeza vumbi maradufu, taa za magari dirishani usiku, maji ya mvua ya barabara mbili kukusanyika getini kwako, na kijiwe cha bodaboda, maana vijana nao wanaijua thamani ya kona.

Kwa anayefungua duka la dawa, yote hayo yanavumilika. Kwa anayetafuta pa kulala kimya, sioni sababu ya kulipa zaidi.

Kwa hiyo ndugu dalali, kiwanja kilicho kwenye mpindo wa njia kiite hivyo, bado kitapata mteja. Na mteja naye, kabla ya kutoa hata pesa ya kushika kiwanja, aende halmashauri akauone mchoro.