Muuza maziwa mlangoni kwa mshairi

Nikitaka kumwonyesha mtu jinsi picha za chapa za Uingereza za karne ya 18 zilivyoweza kuchekesha na kuliza kwa pamoja, sianzi na vikaragosi vya wanasiasa. Namfungulia "Mshairi Mwenye Dhiki", ambayo William Hogarth, mchoraji na mchongaji wa London, aliitoa mwaka 1737.

Ni chumba cha darini, plasta imebanduka. Mshairi amekaa dirishani anajikuna kichwa akitafuta vina. Amevaa joho la nyumbani kwa sababu suruali yake iko mikononi mwa mkewe, inatiwa viraka. Kabati liko wazi, tupu. Mtoto analia kitandani, paka ananyonyesha juu ya koti la bwana, na karibu na mlango mbwa anaiba kipande cha nyama. Wakati huohuo muuza maziwa ameingia na hesabu ya deni lake, mdomo haufungiki. Aliyewahi kukopa dukani kwa Mangi anaujua uso huo.

Watu humcheka mshairi kwanza. Kisha jicho linateremka kwa mke, na kicheko kinakwama. Mke huyu, Hogarth hakumfanya kikaragosi. Uso wake mpole, kazi ya sindano imesimama, anamtazama mdai kama anayetafuta neno la kumpoza. Mumewe hana habari. Kwangu huo ndio uchungu wa picha, kuliko hata kabati.

Miaka michache baadaye Hogarth alilirudia bamba lake la shaba, lile lililochongwa picha ili ipigwe chapa karatasini. Katika chapa za mwanzo shairi linaloandikwa linaitwa "Umaskini". Kufuta neno kwenye shaba si mchezo: unakwangua, unagonga bamba kwa nyuma ili palipobonyea painuke, unasugua hadi palainike, ndipo unachonga upya, tena herufi kinyumenyume ili karatasini zisomeke sawa. Yote hayo ili shairi liitwe "Utajiri", na ukutani juu ya kichwa cha mshairi pawe na picha ya machimbo ya dhahabu ya Peru. Zamani alikuwa maskini anayeandika anachokijua. Sasa anaota dhahabu huku maziwa hayajalipwa. Kichekesho kimekuwa kikali zaidi, na mzigo wa mke mzito zaidi, ingawa uso wake ni uleule.

(Bamba lilikuwa mali kwelikweli. Hogarth ni mmoja wa waliopigania sheria ya mwaka 1735 iliyowapa wachongaji haki ya kumiliki uchapaji wa kazi zao kwa miaka 14.)

Kufikia miaka ya 1790 vicheko na machozi vilikuwa vimeanza kuachana. James Gillray, mchora vikaragosi, aliwararua wakubwa, nacheka, siumii. Upande wa pili kuna wachuuzi wa London waliochorwa na Francis Wheatley, chapa zilizochongwa kwa vinukta laini badala ya mistari, tamu kidogo kupita kiasi kwa ladha yangu. Humo pia yumo muuza maziwa. Ni msichana mrembo, nguo safi, na hamdai mtu.