Kwa nini pesa za kilimo huonekana kwenye mfuko wa mbolea kuliko kwa afisa ugani?

Januari ya mwaka juzi nilipanda matatu kutoka Kangema, Murang'a, nikiwa nimepakata kilo moja ya udongo. Mama mdogo aliuchimba mwenyewe: jembe hapa, jembe pale, mahali kama kumi na tano katika ekari yake moja. Akaumwaga wote kwenye ndoo, akauchanganya kwa mkono, akanipimia kiasi katika mfuko wa kaki. Nilikuwa naupeleka Kabete, kando ya Waiyaki Way hapa Nairobi, kwenye maabara ya udongo ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo.

Mahindi yake yalikuwa yakichipua na majani ya zambarau. Mara nyingi mche mchanga wenye rangi hiyo umekosa fosforasi. Lakini mama alikuwa akiweka DAP, mbolea yenye fosforasi tele, kila msimu. Majibu yaliporudi tukaelewa. Udongo ule ulikuwa na asidi kali, na udongo wa namna hiyo huifunga fosforasi kwenye madini ya chuma na alumini hata mizizi isiweze kuifikia. Isitoshe, DAP ikitumiwa mwaka nenda mwaka rudi huzidisha asidi. Kilichotakiwa kwanza ni chokaa ya kilimo, ya kupunguza asidi hiyo.

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia. Mbolea ya ruzuku alikuwa ameipata, tena kwa bei nafuu. Afisa ugani, yaani mtaalamu wa kuwatembelea wakulima na kuwashauri, wa kumwambia apime udongo kabla ya kuinunua, hakumwona. Kwa nini inakuwa hivi?

Kwanza, chungu chenyewe ni kidogo. Mwaka 2003 huko Maputo, viongozi wa Umoja wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo, na mwaka 2014 wakairudia ahadi hiyo Malabo. Kenya kwa miaka mingi imebaki chini ya kiwango hicho, ingawa kilimo huchangia karibu moja ya tano ya pato la taifa.

Halafu kuna suala la nani analipa nini. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliiachia Serikali ya Kitaifa sera ya kilimo, likazipa kaunti 47 kazi ya mashambani yenyewe: mimea, mifugo, kudhibiti magonjwa. Afisa ugani akawa mtu wa kaunti. Kwa hiyo Juni, Waziri wa Fedha anaposoma bajeti bungeni, mshahara wa afisa huyo haumo katika fungu la Wizara ya Kilimo. Uko kwenye bajeti ya kaunti, unagombania shilingi na zahanati na barabara. Na hata kabla ya ugatuzi maafisa hawa walikuwa wamepungua, kwa sababu katika miaka ya 1990 serikali, ikibanwa na masharti ya wakopeshaji, ilisimamisha ajira nyingi. Wengi walistaafu na nafasi zao hazikujazwa.

Lakini kwangu mimi sababu kubwa ni kwamba mfuko wa mbolea unaonekana. Una bei, una picha, una siku ya kuzinduliwa. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipozidi kupandisha bei ya mbolea duniani, mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000 madukani. Septemba mwaka huo serikali mpya ikaushusha hadi 3,500, na mwaka uliofuata hadi 2,500. Mkulima yeyote anaikumbuka tofauti hiyo. Unga nao ni vilevile: mwaka 2017 pakiti ya kilo mbili ilishushwa hadi shilingi 90, na mwaka 2022 hadi 100, na yote miwili ilikuwa miaka ya uchaguzi. Siwezi kuubeza msaada huo, maana nimewaona akina mama wa mtaani kwetu Kangemi, hapa Nairobi, wakipumua bei ya unga iliposhuka. Ila sijawahi kumsikia mwanasiasa jukwaani akijivunia idadi ya mashamba yaliyopimwa udongo.

Kisha kuna kalenda. Mbolea hununuliwa kwa mkupuo, na mfuko ukishafika bohari ya Bodi ya Nafaka kazi yake karibu imekwisha. Ugani hauko hivyo. Unataka petroli ya pikipiki kila wiki, mshahara kila mwezi, dawa za maabara mwaka mzima. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mvua za masika huja Machi. Hazina ikichelewesha mgao wa kaunti, au bajeti ya nyongeza ikipunguza matumizi, ni rahisi kuikata ziara ya afisa, kwa kuwa asipofika leo hakuna atakayeandamana. Hasara huonekana baadaye sana, wakati wa mavuno, na kufikia hapo lawama hupewa mvua.

Mama mdogo alinyunyiza chokaa wiki kadhaa kabla ya masika, akaiweka kando DAP. Mahindi yalitoka kijani. Aliibandika karatasi ya majibu ukutani jikoni, na majirani wakaja kuisoma. Safari iliyofuata nilirudi Nairobi na mifuko minne ya kaki, kila mmoja umeandikwa jina la mwenye shamba kwa kalamu ya wino.