Jonty Parkin wa Wakefield: yanayosemwa na yaliyokuwa

Jonathan Parkin, mchezaji wa raga aliyejulikana zaidi kama Jonty, alizaliwa mwaka 1894 huko Sharlston, kijiji cha wachimba makaa ya mawe karibu na Wakefield, Yorkshire. Makosa mengi juu yake yana chanzo kimoja: watu husoma matokeo ya miaka ya 1920 kwa kanuni za leo, au za mchezo mwingine kabisa.

Dhana: Alicheza raga ileile wanayocheza Shujaa, timu ya taifa ya Kenya.

Hapana. Shujaa na vilabu vya Nairobi hucheza raga ya yunioni. Parkin alicheza raga ya ligi, iliyozaliwa tarehe 29 Agosti 1895 katika Hoteli ya George mjini Huddersfield, pale klabu za kaskazini mwa Uingereza zilipojitenga. Ugomvi ulikuwa wa pesa: klabu zilitaka kumfidia mchezaji shilingi 6 kwa siku aliyokosa kazini kwa ajili ya mechi, wakubwa wa raga wakakataa. Kanuni nazo zikaanza kuachana. Mwaka 1897 ule urushaji wa mpira kutoka mstari wa pembeni ulifutwa, na mwaka 1906 timu ikapunguzwa kutoka watu 15 hadi 13.

Ndiyo maana mtu akiona Parkin aliitumikia nafasi ya jezi namba 7 anadhani alikuwa mshambuliaji wa ubavuni mwa skramu (pale washambuliaji wa timu mbili wanapofungana na kusukumana kugombea mpira), kama ilivyo kwenye yunioni. Katika raga ya ligi namba 7 ndiye anayesimama nyuma ya skramu, kazi ambayo yunioni humpa namba 9.

Dhana: Timu ilikabwa mara 6, kisha ikaachia mpira.

Hili ndilo kosa la wanaoujua mchezo wa leo vizuri. Kikomo cha kukabwa mara 4 kilikuja mwaka 1966, na cha mara 6 mwaka 1972. Enzi za Parkin hakukuwa na kikomo chochote. Mchezaji aliyekabwa aliinuka, akaweka mpira chini mbele ya mguu, akausukuma nyuma kwa mwenzake. Mpinzani aliyesimama mbele yake aliruhusiwa kuugombea kwa mguu. Timu isipokosea ingeweza kukaa na mpira hadi watazamaji wachoke.

Basi mpinzani aliupataje? Kwa kiasi kikubwa, kwenye skramu. Mpira ukiangushwa mbele, ukipasiwa mbele au ukitolewa nje, washambuliaji 6 wa kila upande walifungana: watatu mstari wa mbele, wawili nyuma yao, na mmoja mwishoni. Yule wa katikati ya mstari wa mbele aliuvuta mpira kwa kisigino, ukapita miguuni mwa wenzake hadi kwa namba 7. Hapo ana kufumba na kufumbua tu kabla mwenzake wa upande wa pili hajamfikia: ampasie namba 6, akimbie upande mwembamba wa uwanja, au apige teke. Akichelewa anakabwa nyuma ya watu wake mwenyewe na faida yote ya skramu inapotea. Kumpima Parkin kwa trai zake peke yake (trai ni kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani) ni kumwonea.

Tena hakukuwa na wachezaji wa akiba. Ruhusa ya kumbadilisha aliyeumia ilitolewa mwaka 1964. Kabla ya hapo, akitoka mmoja mnamaliza mkiwa 12.

Dhana: 5-3 ni matokeo ya mechi isiyo na mashambulizi.

Trai leo ni alama 4. Wakati ule ilikuwa 3, na mpira ukipita juu ya mwamba baada ya trai uliongeza 2. Mechi ya pili ya kuwania Ashes, taji la mfululizo wa mechi kati ya Uingereza na Australia, mwaka 1924 mjini Sydney iliisha 5-3: kila timu ilipata trai moja, na tofauti ikawa teke la mchezaji mwenzake Jim Sullivan baada ya trai ya Parkin. Ushindi huo ndio uliohakikisha Ashes.

Dhana: Aliichezea “Great Britain”, kwa hiyo ndivyo timu ilivyoitwa.

Vitabu vya kumbukumbu humhesabia mechi 17 za Great Britain, na hesabu ni sahihi. Lakini zama hizo timu ya ziara iliitwa England, ingawa ilikuwa na Wawelisi, yaani watu wa Wales. Sullivan mwenyewe alitoka Cardiff, huko Wales. Parkin alisafiri kwenda Australia na New Zealand mwaka 1920, 1924 na 1928, mara mbili za mwisho akiwa nahodha, na zote mbili Ashes zikarudi naye.

Dhana: Nyota kama huyo lazima alishinda kila kombe, na alicheza fainali Wembley, uwanja mkuu wa London.

Fainali ya Kombe la Challenge, kombe la mtoano la raga ya ligi, ilipelekwa Wembley kwa mara ya kwanza mwaka 1929, Wigan walipoifunga Dewsbury 13-2. Wakefield Trinity, klabu ya Parkin kuanzia 1913 hadi 1930, haikufika huko hadi 1946. Ubingwa wa ligi nao ulikuja 1967. Alichopata na Trinity ni Kombe la Yorkshire, Novemba 1924, kwa ushindi mwembamba wa 9-8 dhidi ya Batley. Wanaozidisha miaka 17 kwa mechi za msimu mzima wasahihishe pia: mashindano rasmi yalisimamishwa mwaka 1915 kwa sababu ya vita, yakarejea Januari 1919.

Dhana: Aliondoka Wakefield kama mchezaji huru.

Uhuru huo haukuwepo. Usajili ulikuwa mali ya klabu, na mchezaji aliyewekwa kwenye orodha ya uhamisho alibaki hapo mpaka mtu alipe. Harold Buck aliiacha Hunslet kwenda Leeds mwaka 1921 kwa pauni 1,000. Parkin, mwaka 1930, aliwekewa bei ya pauni 100. Akatoa pesa yake mfukoni, akajinunua, kisha akajiunga na Hull Kingston Rovers. Ligi haikupendezwa: kanuni ilibadilishwa ili mchezaji mwingine asijilipie ada ya uhamisho.